Jinsi ya Kuandaa Mazungumzo ya Tamasha Voi na Watu Wasisinzie

Ukisikia jina lako limesomwa kwenye kamati ya tamasha na hukuulizwa, usikatae. Subiri wenzako wagawane kazi. Kamati ndogo ya chakula itapata watu kumi, ya ngoma kumi na watano, na ya fulana itabidi ipigiwe kura. Ile ya mazungumzo ya hadhara itabaki mezani haina mwenyewe. Nyoosha mkono, ichukue. Ngoma haihitaji mtetezi. Ikilia tu, watu wanakusanyika. Kimanga, chakula cha hapa, kitaliwa hata kikiungua. Lakini mazungumzo yasipopata mtu wa kuyapigania hugeuka hotuba, hotuba hugeuka foleni ya waheshimiwa, na ikifika saa nane mchana waliobaki chini ya hema ni watoto wanaongojea soda.

Mwongozo huu ni wa huyo mpiganaji. Nimeuandika nikiwa na Voi akilini, ingawa Mwatate, Taveta na Wundanyi wanaweza kuutumia vilevile bila kubadilisha kitu isipokuwa jina la uwanja na, kwa Wundanyi, idadi ya masweta.

Siku na saa

Chagua Agosti. Shule zimefungwa, Wataita walioko Mombasa na Nairobi wanaweza kuomba ruhusa kazini na kuja kwa treni ya SGR, ambayo tangu 2017 inasimama Voi, na jua limepunguza ule ukali wake wa Februari. Desemba waachie wenye harusi. Mtu anayehesabu karo ya Januari hawezi kukaa kimya dakika arobaini akimsikiliza mwingine, hata maneno yawe matamu namna gani.

Saa ndiyo jambo kubwa zaidi, na hapa Voi haipangwi na MC. Mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi zimechukua takriban asilimia 62 ya ardhi ya Kaunti ya Taita Taveta, na hakuna aliyewahi kumwonyesha ndovu mpaka uko wapi. Jioni za kiangazi hutoka kutafuta maji na chochote kilichobaki shambani. Mtu wa Sagalla, wa Maungu au wa Mwakitau anataka awe amefika kwake kabla ya giza, tochi mkononi na bati la kugonga liko karibu. Tena anataka kufika kwa njia ambayo hatakutana na hao ndovu wenyewe. Kwa hiyo mazungumzo ya kwanza yaanze saa tatu na nusu asubuhi, na ya mwisho yaishe saa tisa alasiri. Ratiba inayosema "hadi usiku" imeandikwa na mtu anayelala mjini kwenye stima. Waliotoka mbali ndio uliokusudia kuwasikia, na ndio watakaoondoka kwanza.

Saa tatu na nusu maana yake ni saa tatu na nusu. Wakiwepo watu kumi na wawili, anza na hao kumi na wawili. Ukifanya hivyo siku ya kwanza, siku ya pili watakuwa mia.

Dawa ya mgeni rasmi

Ratiba nyingi hufia hapa, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Unajua mambo yanavyokwenda. Mgeni rasmi ameahidi saa nne. Saa sita gari la mbele linaonekana kwenye barabara ya Mwatate, kila mtu anasimama, mzee aliyekuwa katikati ya hadithi anaombwa akae. Kisha zinaanza salamu. MC anatangaza kwamba itifaki imezingatiwa, halafu anaizingatia tena kwa dakika ishirini, akianzia kwa mheshimiwa hadi kwa msaidizi wa msaidizi. Kila aliyetajwa anaitwa "asalimie watu tu", na kila salamu ina ahadi ya barabara ndani yake. Mzee anarudishiwa maiki saa tisa, jasho limemkauka na nusu ya wasikilizaji wamepanda boda boda.

Sisemi viongozi wasialikwe. Kaunti imekabidhiwa na katiba mambo ya utamaduni, maktaba na makumbusho, kwa hiyo ni haki kabisa wawepo. Ninachosema ni kwamba wapewe kazi inayowafaa. Fanya hivi. Langoni weka bango kubwa, refu kuliko mtu, lenye majina yote ya waheshimiwa kwa herufi zinazosomeka hadi ng'ambo ya reli: gavana, mbunge, seneta, mwakilishi wa kike, MCA wa kila wadi, chifu na manaibu wake. Hakuna atakayedai hakutambuliwa. MC aitaje itifaki mara moja tu asubuhi, sentensi moja, na iwe ya siku nzima.

Mgeni rasmi mwenyewe mpe dakika tano kabla ya chakula cha mchana, wakati ambao tumbo la kila mtu litasaidia kuzilinda hizo dakika. Na DJ awe na maagizo. Zikiisha, apandishe taratibu "Charonyi ni Wasi", wimbo wa 1977 wa Maroon Commandos, bendi ya jeshi iliyoongozwa na Habel Kifoto, mwana wa Taita. Mheshimiwa hawezi kukasirikia wimbo huo mbele ya wapiga kura wa Taita. Ataimba nao, watu watamshangilia, na atashuka jukwaani akiwa na furaha kuliko angeendelea.

Halafu mpe jambo ambalo hapewi mahali pengine popote: kiti cha mbele, na nafasi ya kuuliza swali la kwanza. Swali, lenye alama ya kuuliza mwishoni. Mkulima akieleza kwa dakika arobaini jinsi alivyopoteza ekari mbili za mahindi usiku mmoja, na kiongozi amekaa pale hana maiki ya kujibia, hayo yatamwingia kuliko barua kumi za malalamiko. Mimi naamini hilo ni heshima kubwa zaidi kwa kiongozi kuliko shada la maua.

Nani apewe maiki

Kanuni ni moja: aliye ndani ya jambo atangulie, msomi wa jambo hilo amfuate. Kamati itataka kinyume chake, kwa sababu msomi ana barua pepe na mkulima hana. Simama hapohapo.

Nchi hii imesimuliwa sana na wapita njia. Mmisionari Johannes Rebmann alipita Taita akielekea Uchaga, na Mei 1848 akaona theluji ya Kilimanjaro, habari ambayo wasomi wa Ulaya waliikataa kwa miaka. Waliomwongoza njia walikuwa wakiuona mlima huo maisha yao yote. Mwaka 1898 reli ya Uganda ilipofika mto Tsavo, simba wawili wakaua wafanyakazi wa daraja, na Patterson, msimamizi wa ujenzi aliyewapiga risasi mwezi Desemba, akaandika kitabu mwaka 1907. Tangu hapo mgeni akishuka Voi huuliza simba. Patterson alikuja kudai waliuawa watu 135. Utafiti wa 2009 uliopima mifupa na manyoya ya simba hao ulikadiria kama 35. Wenyewe wako Chicago, katika makumbusho ya Field. Wape simba kikao kimoja cha nusu saa, kiwe cha wanafunzi, na mada iwe hiyo ya hesabu: idadi moja ilitokaje kwa mwindaji na nyingine kwa maabara. Halafu tuendelee na watu.

Kikao cha ndovu ndicho kitakachojaza hema, kwa hiyo kiwekwe cha kwanza asubuhi. Mkalishe mkulima wa Sagalla mwenye uzio wa nyuki. Aeleze mwenyewe: mizinga inaning'inizwa kuzunguka shamba, mmoja kila mita kumi hivi, ya kweli na ya bandia ikipokezana, yote imeunganishwa kwa waya, ndovu akisukuma waya, mizinga inayumba, nyuki wanatoka, na mnyama mkubwa kuliko wote wa nchi kavu anageuza njia. Mtafiti Lucy King na shirika la Save the Elephants wamekuwa wakifanya kazi hii na wakulima wa Sagalla kwa zaidi ya miaka kumi. Utafiti wao uliochapishwa 2024 ulionyesha kwamba katika misimu ya mazao uzio huo uliwarudisha hadi asilimia 86 ya ndovu waliosogea. Ni habari njema, na isemwe kwa sauti.

Lakini karibu na mkulima huyo mkalishe jirani yake ambaye mizinga yake imebaki mitupu. Utafiti huohuo ulieleza kwamba ukame wa 2017 ulipunguza mizinga yenye nyuki kwa asilimia 75, na athari zake zikadumu miaka mitatu. Ndovu hakungoja nyuki warudi. Wawili hawa wakikaa meza moja, wasikilizaji wataelewa kitu ambacho bango la mradi haliwezi kukisema: ua la mpingo na la mkwaju likikosa mvua, uzio nao umeanguka. Wa tatu awe ofisa wa shirika la wanyamapori, KWS, na asiruhusiwe kusoma taarifa. Aulizwe juu ya fidia. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inasema shilingi milioni tano kwa aliyeuawa, milioni tatu kwa aliyepata ulemavu wa kudumu, na hadi milioni mbili kwa majeraha mengine. Watu wanazijua hizo takwimu kwa moyo. Wasichokijua ni fomu inapatikana wapi, inasainiwa na nani, na dai lao limekwama meza ipi. Weka fomu palepale kwenye meza ya pembeni na kijana mmoja mwenye mwandiko mzuri wa kusaidia kujaza. Hiyo meza peke yake inaweza kuwa kazi kubwa ya tamasha zima.

Kikao cha pili kiwe cha basi la Mraru, na hapa nitaomba usikubali kupunguziwa dakika hata moja. Mraru ni kijiji cha upande wa Mbololo, safari fupi kutoka Voi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wanawake wa hapo walikuwa wakisimama barabarani na mizigo yao ya soko, mabasi yanapita yamejaa. Walianza kuchanga, shilingi kwa shilingi, wakakopa kiasi kilichopungua, na mwaka 1975 wakanunua basi lao. Likafanya kazi, likalipa deni, faida ikaingia katika mipango mingine ya kikundi. Mwaka 1980 kijitabu juu yao kilichapishwa New York, kikasomwa na watu wa maendeleo pande nyingi za dunia. Muulize kijana anayesubiri matatu ya Mbololo leo kwenye steji ya Voi kama amewahi kuisikia habari hii. Tafuta mabinti na wajukuu wa wanawake wale, na kama yuko aliyekuwemo, mpelekee gari mlangoni. Pembeni yake mkalishe mweka hazina wa chama cha siku hizi, chenye pesa kwenye simu na ugomvi kwenye mikutano. Swali la kuwauliza wote wawili: mliaminianaje? Kisha nyamaza.

Kasigau wapewe asubuhi ya siku ya pili. Mwaka 1915, vita vya Waingereza na Wajerumani vilipofika huku, serikali ya kikoloni iliwatuhumu watu wa Kasigau kuwa waliwasaidia Wajerumani, ikawang'oa katika mlima wao na kuwapeleka upande wa Malindi. Wengi walifia huko kwa maradhi ya pwani waliyokuwa hawayajui. Waliosalia hawakurudi kwao hadi miaka ya 1930. Mwaka huohuo wa 1915 reli ya kijeshi ilikuwa ikijengwa kutoka Voi kuelekea Maktau, na Februari 1916 majeshi ya Uingereza yalishindwa vibaya kwenye kilima cha Salaita, karibu na Taveta. Watalii huja na ramani za vita hivyo. Wajukuu wa Kasigau wana ramani nyingine, ya nani alizaliwa njiani na nani alizikwa wapi. Wasimulie wao, kwa mpangilio wao, na mwanahistoria akae tayari na tarehe endapo wataziomba. Wakimaliza, tembeeni pamoja hadi makaburi ya vita yaliyopo hapa Voi. Majina ya askari yamechongwa vizuri kwenye mawe. Wapagazi wa Kiafrika waliobeba risasi na unga wa askari hao hawakupewa mawe. Tume inayotunza makaburi hayo ilikiri mwaka 2021 kwamba zaidi ya watu laki moja, wengi wao Waafrika, hawakukumbukwa kwa majina, ikaomba radhi. Kikao cha aina hii hakihitaji maiki.

Maji. Chemchemi za Mzima ziko ndani ya kaunti hii, katika Tsavo Magharibi, na tangu miaka ya 1950 bomba lake linapeleka maji Mombasa. Ukimwalika mhandisi wa maji, mwalike na mama wa Voi anayenunua mtungi wa lita ishirini. Mama aanze kwa kutaja bei.

Mengine nitayapitia haraka, kwa kuwa kamati haitakosa watu. Wachimbaji wadogo wa vito wana kikao chao, na mwanasheria aje aeleze asilimia 10 ya mrabaha ambayo Sheria ya Madini ya 2016 inawatengea wananchi wa eneo la mgodi, pamoja na 20 za kaunti na 70 za serikali kuu. Wenye kujua misitu ya Ngangao na Mbololo watuletee sauti ya apalis wa Taita, ndege asiyepatikana popote duniani isipokuwa vilima hivi. Watoto wafundishwe hiyo sauti kabla ya jina lake la Kilatini. Na alasiri ya mwisho, mabishano juu ya wimbo "Malaika": Fadhili William, mwana wa hapa, aliurekodi miaka ya 1960, na upande wa Tanzania wako wanaosema mtunzi ni Adam Salim. Alika pande zote mbili, waje na magitaa.

Lugha

Mzee wa Kidawida aongee Kidawida. Mzee wa Sagalla aongee Kisaghala, wa Taveta Kitaveta. Mkalimani akae bega kwa bega naye na afasiri sentensi kwa sentensi kwa Kiswahili, asisubiri robo saa halafu aseme "mzee anashukuru". Voi ni mji wa reli. Hapa wako Wakamba, Waluo, Wasomali, Waswahili na wengineo, kwa hiyo Kiswahili ndicho mkeka tunaokalia wote. Tafuta pia mkalimani wa lugha ya ishara, na umsimamishe mahali penye mwanga.

Msomi akija na slaidi za Kiingereza, mwombe kwa upole azizime na asimulie. Anaweza. Ameishi vilimani miezi, amekula kimanga, na mara nyingi anamjua mwenye shamba kwa jina. Tangu 2011 Chuo Kikuu cha Helsinki kina kituo cha utafiti Wundanyi, na Chuo Kikuu cha Taita Taveta kinafundisha uhandisi wa madini. Maarifa yanayozalishwa hapa ni mengi. Watu waliohojiwa kwa ajili ya utafiti wana haki ya kusikia majibu yalikuwaje, kwa lugha waliyojibia.

Kufungua, kuuliza, kunyamazishana

Sala ya padri au mchungaji, dua ya sheikh, kila mmoja dakika moja. Kisha mwombeni mzee afungue kwa kutasa. Ni ibada ya Wadawida ya kutoa hasira moyoni: mtu anachukua kinywaji mdomoni, anakipulizia nje, na kwa maneno yake anaachilia kinyongo alichokuwa nacho. Mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyekaa Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliandika kitabu kizima juu yake, kilichotoka 1978. Mkutano utakaozungumzia fidia, maji na ardhi hauna mwanzo bora kuliko huo. Wasiotaka kwa sababu ya imani yao wakae kwa heshima, na wasilazimishwe.

Maswali yana sheria moja: swali liulizwe kwa pumzi moja. Anayehitaji pumzi ya pili anahutubia, na MC ana ruhusa ya kumsaidia kukaa. Wanawake wawili waulize kabla ya mwanaume yeyote, la sivyo wataishia kusikiliza. Wanafunzi waandike maswali kwenye karatasi; maswali ya watoto wa darasa la sita huwa ndiyo magumu kuliko yote, na wakubwa hawawezi kuyakwepa mbele ya wazazi wao.

Sofa, jenereta na bahasha

Hema la wageni huwa linafunikwa vizuri, lina sofa na maji baridi. La wananchi linaelekea jua. Geuza. Kwenye sofa wakae wazee na mama wajawazito, na waheshimiwa wapewe viti vya plastiki vilevile vya kila mtu, ambavyo kwa hakika ni imara. Maji ya kunywa yawe ya wote, maana joto la Voi halichagui.

Kodi maiki tatu, ukitarajia moja itakufa. Jenereta liwe na petroli ya akiba na mtu wake aliyeapa kutoondoka. Zungumza na wenye baa za jirani mapema wapunguze spika hadi saa tisa. Wakielezwa vizuri huitikia, kwa kuwa wateja wao watakuja baadaye na kiu. Barua ya polisi na ya chifu ipelekwe wiki mbili kabla.

Na bahasha. Mkulima aliyeacha shamba lake siku nzima apate nauli na posho sawasawa na profesa, shilingi kwa shilingi. Andika hesabu zote kwenye karatasi na uibandike langoni chini ya lile bango la majina. Utasikia manung'uniko kwenye kamati kwa wiki moja. Yavumilie, yataisha.

Kuna mwanakamati atakayesema Voi ni mji mdogo mno kwa mambo haya, kwamba mazungumzo ni ya Nairobi. Mwambie kuhusu Hay-on-Wye, mji wa Wales wenye watu kama elfu mbili tu, ambao tangu 1988 umekuwa na tamasha la vitabu na mazungumzo linalovuta watu kutoka kila pembe ya dunia, hata likazaa tamasha kama hilo Nairobi. Voi ni kubwa kuliko Hay mara nyingi, na ina njia kuu, reli mbili na kilima cha Mwakingali cha kupunguzia upepo.

Rekodi kila kikao. Simu nzuri iliyowekwa karibu na msemaji inatosha, mradi mtu mmoja awe na kazi hiyo tu. Nakala moja ipelekwe maktaba ya umma, moja shule ya sekondari iliyo karibu, moja redio inayotangaza kwa Kidawida, na moja apelekewe msemaji mwenyewe nyumbani, asikilize na wajukuu. Wazee waliokuwa watoto watu wa Kasigau waliporudi mlimani hawako wengi tena, na wanawake walionunua basi mwaka 1975 wamezeeka.

Kamati za Agosti huanza kukutana Aprili. Nenda kwenye kikao cha kwanza, keti karibu na mwenye kalamu, na kabla hajaandika jina la mgeni rasmi, mwambie aandike hili juu kabisa ya ukurasa: saa tatu na nusu, mkulima wa Sagalla, dakika arobaini.